Pwani Zapambwa kwa Ajili ya Nani?

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitiisha bahari ipate kutulisha na kutuchukua. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyefuata uongozi wao mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu,

Katika darsa yetu tumekuwa tukisoma tafsiri ya sura fupi za Juzuu Amma. Tulipofika Suratul-Maun tuliona kwamba mafundisho yake yanagusa jambo linalozungumzwa katika vibaraza vya miji yetu ya pwani, nalo ni kutengenezwa na kupambwa kwa fukwe zetu kabla ya kuja wageni wa michezo. Tarehe 27 Septemba 2023 Shirikisho la Mpira la Afrika lilizipa Kenya, Tanzania na Uganda heshima ya kuandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Mwezi wa Agosti 2025 nchi hizo tatu zilikwisha yapokea mashindano ya CHAN, na uwanja wa Amaan, Unguja, ulikuwa mmoja katika viwanja vilivyochezewa. Mgeni wa mpira hakai uwanjani usiku na mchana. Mchezo ukiisha hutafuta upepo, na upepo uko baharini. Basi twaona yatupasa kusema neno letu, kwani nasaha ikija baada ya jambo kupita huwa ni majuto matupu.

Kabla ya yote twapenda kuondoa dhana mbaya. Hatuandiki haya kwa kuuchukia mchezo. Mtume wetu (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha (R.A.), aliwashindanisha watu kwa farasi, na Wahabeshi walipocheza kwa mikuki yao msikitini hakuwafukuza. Mchezo unaojenga mwili, usiopoteza sala wala usioingiwa na kamari, dini haikuukataza. Wala hatuandiki haya kwa kuchukia miji kutengenezwa. Dini yetu ni dini ya usafi na utaratibu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kuondoa njiani kitu chenye kuudhi watu ni tawi moja katika matawi ya imani. Basi mtu asemaye kwamba pwani ibaki chafu ndiyo unyenyekevu, huyo hakuifahamu dini yake.

Tuulizalo sisi ni moja tu. Pwani hizi zapambwa kwa ajili ya nani?

Na tuitazame sasa hiyo Suratul-Maun. Ni sura ya aya saba tu, na wengi wetu twaisoma katika sala tangu tulipokuwa chuoni, lakini ni wachache wanaosimama kuizingatia. Mwenyezi Mungu anatutajia humo mtu mwenye kuikadhibisha dini, na alama ya kwanza anayompa ni kwamba humsukuma yatima. Ya pili ni kwamba hahimizi kulishwa maskini. Kisha anawatishia adhabu watu wanaosali hali ya kuwa wameghafilika na sala zao, na anawasifu kwa sifa mbili zilizofuatana: wanafanya mambo ili waonekane, na wanazuia maun. Wanavyuoni wa tafsiri wamelieleza neno hili maun kwa namna mbalimbali. Wako waliosema ni zaka, na imepokewa kutoka kwa baadhi ya masahaba kwamba ni vile vitu vidogo ambavyo majirani huazimana na kunufaishana navyo, kama ndoo, chungu na shoka.

Tazameni, ndugu zetu, jinsi makosa mawili yalivyowekwa pamoja: kujionyesha, na kumzuilia jirani manufaa. Mtu aweza kudhani kuwa haya hayahusiani. Lakini ukiyachungua utaona kuwa moja huzaa jingine. Mwenye kutenda ili aonekane, jicho lake liko kwa mgeni anayetazama. Jirani maskini akipita mbele ya jicho lile huonekana kuwa ni doa lenye kuharibu sura, na doa huondolewa. Ndiyo maana sura ikaanza na yule mwenye kumsukuma yatima, ikamalizia na yule mwenye kuzuia maun. Njia ya kutoka kwenye riya mpaka kwenye dhuluma ni fupi mno.

Basi na tuyapime mambo yetu kwa mizani hiyo.

Wenye umri watakumbuka tarehe 24 Machi 2007, siku ambayo Mombasa ilipokea mbio za nyika za ubingwa wa dunia. Zilikimbiwa katika kiwanja cha gofu kilicho ukingoni mwa bahari, jirani na barabara ya Mama Ngina. Joto la siku ile, pamoja na ule unyevu wa hewa yetu, liliwashinda wakimbiaji mashuhuri. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa bingwa asiyeshindika katika mbio hizo, aliacha njiani, na Zersenay Tadese wa Eritrea akatwaa ushindi. Dunia nzima iliitazama Mombasa siku ile. Jua lilipokuchwa wageni walifunga mizigo yao wakaenda zao. Bahari ikabaki palepale, na wenye mji wakabaki nayo. Mashindano ni ya siku moja au ya mwezi mmoja, na pwani ni ya umri mzima, na ya watoto wetu na wajukuu wetu baada yetu. Haifai kuhukumu jambo la umri mzima kwa ajili ya sifa ya siku moja.

Kisha mwaka 2019 ikatengenezwa barabara ile ya Mama Ngina yenyewe, kwa gharama iliyotajwa kuwa yapata shilingi milioni 460, na mwezi wa Oktoba mwaka huo Sikukuu ya Mashujaa ikafanywa hapo. Hiyo haikuwa kwa ajili ya mchezo, bali kwa ajili ya sherehe ya taifa, walakini sura ya jambo ni moja: siku kubwa imekaribia, na pwani yatakiwa ipendeze kabla ya siku hiyo. Watu wa Mombasa wanaijua pwani ile vizuri. Tangu zamani ndipo watu wa mji wanapokwenda alasiri kupunga upepo. Mama huenda na watoto wake, mzee huenda na bakora yake, vijana hutazama meli zinavyoingia mlangoni mwa bandari, na chini ya mibuyu ile mikongwe kulikuwa na wauza madafu na mihogo. Yaliyofanywa pale yana mema mengi: pa kukaa pamepatikana, na njia ya kutembelea, na taa. Sisi hatuukani wema. Lakini wakati wa ujenzi wachuuzi walihamishwa, na swali la nani atarejea, na kwa masharti gani, likawa ndilo linalowashughulisha wanyonge, wakati wengine wakishughulishwa na uzuri wa malango.

Unguja nako kuna Forodhani. Bustani ile ilijengwa upya kati ya mwaka 2008 na 2009 na taasisi ya Aga Khan inayoshughulikia utamaduni. Ajaye leo baada ya Magharibi ataiona mishikaki inachomwa, na miwa inasindikwa, na mgeni wa ng'ambo na mwana wa Ng'ambo wanakula benchi moja. Twautaja mfano huu ili ajue mwenye kutaka kujua kwamba pwani yaweza kutengenezwa na watu wake wakabaki. Mji hauharibiki kwa kuonekana muuza chakula ndani yake. Wageni wengi huenda Forodhani kwa ajili ya huyo muuza chakula.

Wala tusidhani kuwa mtihani huu ni wetu peke yetu. Mji wa Durban, katika Afrika Kusini, ulijenga upya pwani yake kabla ya Kombe la Dunia la mwaka 2010, na yalifanywa kwa ustadi mkubwa. Lakini wavuvi maskini, ambao kwa vizazi walikuwa wakivua kwa mshipi juu ya magati yaliyoingia baharini, walikatazwa kuvua pale, na ikawabidi kulalamika na kudai haki yao hata baada ya mashindano kwisha. Tukumbuke pia kwamba Durban kuna Waislamu waitwao Wazanzibari. Asili yao wengi ni Wamakua waliookolewa katika majahazi ya watumwa na kupelekwa huko kuanzia mwaka 1873. Walikaa mahali paitwapo King's Rest, juu ya kilima kinachotazama bahari, wakajenga msikiti na wakawasomesha watoto wao Kurani. Katika miaka ya 1960 serikali ya ubaguzi iliwahamisha ikawapeleka Chatsworth, mbali na pwani yao. Sababu zilikuwa mbalimbali, huku kipande cha ardhi na huku mchezo, lakini jambo la kuzingatia ni moja. Mahali penye kutazama bahari hutamaniwa na wakubwa, na mnyonge asiyekuwa na hati wala msemaji huondolewa kwanza.

Sasa twarudi kwenye dini tuulize: pwani ni ya nani?

Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba Waislamu ni washirika katika vitu vitatu, navyo ni maji, malisho na moto. Na wanavyuoni wetu wa fikihi wamesema wazi kuwa bahari na mito mikubwa si milki ya mtu, bali watu wote wana haki ya kunufaika nayo. Huenda sisi watu wa mjini tukasikia neno malisho lisituingie moyoni, maana wengi wetu hatuna mifugo. Basi na tuwatazame ndugu zetu Waislamu wa Rapsu, ambao malisho kwao ni jambo la kufa na kupona.

Rapsu ni kijiji cha upande wa Garba Tula, katika Kaunti ya Isiolo, mbali kabisa na bahari. Wakazi wake wengi ni Waborana. Maisha yao ni ng'ombe, mbuzi na ngamia, na wako wanaolima mashamba kwa maji ya mfereji. Waborana wa Isiolo wana ada yao ya kale katika kuhifadhi malisho. Nchi hugawanywa kwa nyakati: pako pahali pa kulishia wakati wa mvua, na pako pahali panapoachwa mpaka ukame uingie, na baraza la wazee ndilo linaloangalia mipaka hiyo isivunjwe. Kisima nacho kina msimamizi wake apangaye zamu za kunywesha, ili mwenye nguvu asimtangulie mnyonge. Mgeni akifika na wanyama wake hupewa zamu, lakini hapewi kisima.

Basi na tufanye mfano. Lau mtu angekwenda Rapsu akawaambia wazee: mwakani watatujia wageni watukufu, kwa hiyo na tuyazungushie ua yale malisho ya kiangazi, tupande maua, na ng'ombe wasionekane hapa mpaka wageni waondoke. Mwadhani wazee wangemwuliza juu ya maua? La hasha! Wangemwuliza swali moja tu: na mifugo yetu itakula wapi? Sisi wa pwani, ufuo ndio malisho yetu. Mvuvi wetu hupandisha chombo chake mchangani, hukausha nyavu zake hapo, na samaki wake hunadiwa dikoni. Swali letu lapaswa liwe kama lile la watu wa Rapsu: na mvuvi wetu atapandisha wapi ngalawa yake?

Na jambo hili halikuachwa bila ya mfano katika tarekhe yetu. Sayyidna Umar (R.A.) alipotenga malisho ya hifadhi kwa ajili ya wanyama wa umma, alimweka mtumwa aliyemwacha huru, jina lake Hunayy, awe msimamizi. Akamwusia kwamba mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache awaruhusu waingie. Bali ajihadhari na mifugo ya Abdurrahman bin Auf na ya Uthman bin Affan. Hao wote wawili ni masahaba watukufu waliobashiriwa Pepo, wala hapana aliyewatuhumu. Lakini Sayyidna Umar alieleza sababu: matajiri hawa wakifa wanyama wao wana mitende na mashamba ya kurejea, ama maskini wakifa wanyama wake atakuja na watoto wake mlangoni kwa khalifa kulilia msaada. Huu ndio uongozi wa Kiislamu katika vitu vya umma. Mahali penye hifadhi, wa kwanza kuingizwa ni mnyonge, kwa sababu hana pengine pa kwenda. Nasi katika zama hizi twafanya kinyume. Mahali pakishahifadhiwa na kupambwa, wa kwanza kuingia ni mwenye hoteli na mwenye mkahawa mkubwa, na wa kwanza kutolewa ni muuza kahawa mwenye dele moja.

Huenda akatokea mtu akasema: nyinyi mwataka miji yetu isiendelee, na maendeleo hayapatikani ila kwa kuvunja na kuhamisha. Jawabu yetu ni kwamba Mtume (S.A.W.) mwenyewe alijenga mji. Alipofika Madina alitaka kujenga msikiti, na kiwanja kilikuwa cha mayatima wawili, Sahl na Suhayl, mahali pa kuanikia tende. Walikubali kumpa bure. Naye hakukubali mpaka akakinunua kwao. Fikirini, ndugu zetu! Aliyetaka kiwanja ni Mtume wa Mwenyezi Mungu, jengo lenyewe ni nyumba ya Mwenyezi Mungu, wenye kiwanja ni mayatima wasioweza kumpinga, na wamekwisha ridhia kwa hiari yao. Juu ya hayo yote, wakalipwa haki yao. Je, bustani ya kutembelea na jukwaa la ngoma vina haki kubwa kuliko Msikiti wa Mtume, hata wenye mahali waondolewe pasi na malipo?

Na imepokewa katika tarekhe kwamba Sayyidna Umar alipotaka kuupanua Msikiti huo huo, nyumba ya Sayyidna Abbas (R.A.) ilikuwa njiani. Akataka kuinunua, Sayyidna Abbas akakataa. Khalifa hakuleta askari wala hakubomoa usiku watu wamelala. Walikwenda pamoja mbele ya Ubayy bin Kaab ili awahukumu, na Ubayy akahukumu kwamba haki ni ya Abbas. Khalifa akakubali hukumu. Baada ya haki yake kuthibiti ndipo Sayyidna Abbas alipoitoa nyumba ile kwa Waislamu kwa radhi yake. Hivi ndivyo mji ulivyopanuka bila ya moyo wa mtu kuvunjika. Hatukatai kuhamisha penye dharura. Twasema kuna kushauriana kwanza, kuna kulipa, na kuna kuonyeshwa mtu pa kwenda kabla ya kuambiwa ondoka.

Ndugu zetu, tusije tukadhani kwamba lawama zote ni za wakubwa. Nasaha huanzia nyumbani. Ni nani anayetupa takataka ufuoni? Wengi katika wanaofanya hivyo ni watu wa mji wenyewe, na baadhi yao wametoka kusali Alasiri sasa hivi. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 Kenya imepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kuchukulia bidhaa, lakini chupa za maji na vifuniko na makopo bado huonekana mchangani maji yakitoka. Mtume (S.A.W.) ametuonya juu ya watu wanaojitakia laana kwa kujisaidia mahali watu wanapochotea maji, na njiani, na kivulini. Pwani zetu ni njia, na mibuyu yetu ni kivuli, na bahari ndiyo mwanzo wa chakula chetu. Kisha mtu huyo huyo aliyechafua, akisikia kuwa wageni wanakuja, hushika fagio kwa shangwe na kupigwa picha. Je, malaika waandikao hawakuiona pwani ile siku zote alipokuwa akiichafua? Ikiwa twafagia kwa sababu ya Mwenyezi Mungu, basi Yeye hana siku anayokuja na siku anayoondoka. Na ikiwa twafagia kwa sababu ya mgeni, basi tusubiri malipo yetu kwa mgeni.

Vivyo hivyo katika habari ya ardhi. Wako miongoni mwa watu wetu waliouza, na wako walionunua huku wakijua kuwa ni njia ya watu. Njia ngapi za kushukia baharini ambazo wazee wetu walizipita kwa miguu, leo zina ukuta au lango lenye mlinzi? Mtume (S.A.W.) ametutisha kwamba mwenye kuchukua kwa dhuluma hata shubiri moja ya ardhi, Siku ya Kiyama atavishwa shingoni uzito wa ardhi saba. Shubiri moja, ndugu zetu! Basi itakuwaje kwa mwenye kufunga njia nzima ya mtaa?

Kwa hiyo, ili maneno yetu yasiwe ya kusomwa na kuwekwa kando, twatoa nasaha hizi.

Kwanza, viongozi wetu wa kaunti na wa miji, na khasa wale walio Waislamu, wawaite wavuvi, wachuuzi na wakazi kabla ya kuchora ramani. Kushauriana ni amri ya dini yetu, na mashauriano ya baada ya kazi kuanza ni kutangaziana tu. Ahadi ya kurejeshwa mchuuzi mahali pake iandikwe, iwe na majina na tarehe.

Pili, madiko yahifadhiwe kwanza, na mapambo yafuate. Popote panapojengwa ukuta wa kuzuia bahari, iachwe njia ya chombo kupanda na kushuka, na mahali pa kuanikia nyavu.

Tatu, pasiwekwe kiingilio cha fedha kwa mwenye kwenda kupunga upepo. Upepo ni neema ya Mwenyezi Mungu, na maskini ambaye chumba chake hakina dirisha anauhitaji zaidi kuliko mwenye ghorofa.

Nne, pajengwe vyoo vya kutosha, vya wanaume na vya wanawake, na mahali pa kutawadhia na pa kusalia. Twawalaumu watu kwa kuchafua ufuo, nasi hatukuwapa pengine. Na pawekwe utaratibu ambao mama zetu na binti zetu wataweza kukaa kwa heshima zao bila ya kusumbuliwa.

Tano, kila mtaa wa pwani ujiwekee siku ya kusafisha, ikiwa kuna mashindano au hakuna. Siku ya Ijumaa baada ya Alasiri, au siku yoyote watakayokubaliana. Walimu wa madrasa watoke na wanafunzi wao, na maimamu watangulie mbele. Mtoto aliyeokota taka ufuoni kwa mkono wake hatatupa taka ufuoni akiwa mtu mzima.

Sita, vijana wetu wakati wa mashindano waupende mchezo bila ya kuacha sala, na waikimbie kamari ambayo siku hizi imeingia mifukoni mwao pamoja na simu. Mtu asifurahie timu yake imeshinda, na chakula cha watoto wake kimeshindwa.

Ama wageni wetu, twasema karibuni. Kumkirimu mgeni ni katika imani, na watu wa pwani hawakuhitaji kufundishwa ukarimu na mtu. Lakini ukarimu wa kweli ni kumkaribisha mgeni katika nyumba yenye watu wake. Mwenye kuwafukuza wazazi wake uani ili sebule ipendeze machoni pa mgeni hakumkirimu mgeni, bali amewadhulumu wazazi. Na mgeni mwenye akili akijua hataridhika na karamu hiyo.

Miezi ya mashindano itapita kama ilivyopita siku ile ya mbio mwaka 2007. Vikombe vitabebwa na wenye kushinda, na bendera zitashushwa. Asubuhi yake mvuvi atashuka pwani kama alivyoshuka baba yake. Akikuta njia yake iko wazi na maji ni safi, atasema Alhamdulillah, na kila aliyesaidia katika jambo lile atakuwa na fungu lake katika shukrani hiyo. Akikuta lango limefungwa, dua yake itapanda vilevile, na dua ya mwenye kudhulumiwa haina pazia baina yake na Mwenyezi Mungu. Basi kila mmoja wetu na achague ni dua ipi apendayo kutajwa ndani yake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu Mtukufu azisafishe nyoyo zetu na riya kabla hatujazisafisha pwani zetu na taka. Awaongoze viongozi wetu wawe kama msimamizi aliyeusiwa na Sayyidna Umar, wenye kuwafungulia wanyonge. Awabariki wavuvi wetu katika bahari yao, na ndugu zetu wa Rapsu katika malisho na mifereji yao, awape mvua za rehema. Atujaalie tuwe katika wenye kutoa maun, wala asitujaalie katika wenye kuyazuia. Amin.

Wabillahit-taufiq. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.